Pikapu ya Petroli Kwenye Mlima wa Wakwe

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu, Mama Repha, kule Lugari. Mimi ndimi mkwe mkubwa wa boma lile, kwa hivyo nilipewa maikrofoni. Mke wangu Jentrix aliniangalia kutoka viti vya wafiwa, macho yamevimba kwa kulia, akingoja. Nilikuwa na jambo moja tu la kusema juu ya yule mama, na lilikuwa limenijaa kifuani mpaka kooni. Nikasema alikuwa mkarimu. Nikasema alikuwa mcha Mungu na ameacha pengo lisilozibika. Kisha nikaketi, nikakunja mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Aisee, mzee mzima mwenye mvi, na maneno ya kusomwa kwenye kadi! Hata aliyekuwa akiongoza shughuli alishangaa, akauliza kama kuna mkwe mwingine wa kuongezea. Tulipokuwa tukirudi Kakamega, Jentrix aliniuliza, "Ndiyo hayo tu ulikuwa nayo?" Nikamwambia koo lilikauka. "Koo gani? Wewe huwanga na maneno mpaka ya kumwazima jirani," akasema, akageukia dirisha, na hakunisemesha tena mpaka nyumbani. Hakuwa amekosea. Tangu siku ile nimekuwa nikiurudia mwaka mmoja wa ujana wangu kila nikiketi kunywa chai, na chai inapoa.

Mwaka huo niliishi Lurambi, pembezoni mwa mji wa Kakamega, na rafiki yangu Gaitano, chumba kimoja cha mabati, vitanda viwili, na shuka iliyotundikwa katikati ili kila mtu aweze kuwaza mambo yake. Upande wangu ulikuwa na kioo na shati la kutokea. Upande wa Gaitano ulinuka grisi, kwa sababu alikuwa akiendesha trekta la kubeba miwa ya wakulima na hakuwa na habari na sabuni mpaka Jumamosi. Mimi niliuza vipuri dukani mjini. Kwa sababu niliuza vipuri, watu walidhani naelewa magari, nami sikuwasahihisha. Ukweli ni kwamba plagi nilizitambua kwa rangi ya boksi. Tulikuwa tumekubaliana kuchanga tununue pikapu moja yenye nguvu ya kuvuta trela: wakati wa miwa tuvute miwa, wakati wa mahindi tuvute mahindi, na siku za soko la Khayega tubebe mifugo. Lakini safari ya kwanza kabisa ilikuwa imeshapangwa. Ilikuwa ni kupeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Jentrix. Wazee wa kwao walikuwa wametuma neno kwamba wamechoka na ahadi, na kwamba kuna ukoo mwingine unaobisha hodi, wenye mashamba makubwa na ng'ombe tayari zizini. Nikikosa kuwafikisha kabla ya mavuno, basi. Nilikuwa nikimpenda yule msichana mpaka nikawa siwezi kumaliza sahani ya ugali, na Gaitano akawa ananimalizia bila kuombwa.

Kwenye yadi moja pale mjini kulikuwa na pikapu mbili zinazofanana kama ndugu, tofauti ikiwa injini. Moja ilikuwa ya dizeli, imebonyea mlango, na ikiwaka ilitoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Hita yake ya kuamshia injini ilikuwa imekufa, kwa hivyo kila mara vijana wa yadi waliisukuma ndipo ikawaka, huku ikitikisa vioo vyote. Nyingine ilikuwa ya petroli, nyeupe, safi, na ukigusa ufunguo tu, imeitika. Ilikuwa na kimya cha kukufanya ujiulize kama kweli imewaka. Tulizungumza habari ya magari haya mawili kwa juma zima juu ya sahani ya mboga ya mrenda. "Dizeli inavutanga kutoka chini," Gaitano aliniambia, akiumega ugali. "Unaachia klachi, inainama, inaenda. Petroli inataka kwanza ikimbie ndiyo ipate nguvu. Sasa na trela nyuma utakimbilia wapi? Hiyo yako ni ya kubeba maharusi."

"Na si ndiyo maharusi nabeba?"

"Unabeba ng'ombe, Silvano."

Nilikuwa na sababu yangu, na mpaka leo sioni kama ilikuwa ya kijinga, ila ilikuwa sababu ya mambo ya ukoo iliyopewa kazi ya injini. Kwetu, waliopeleka ng'ombe hawalali kwa wakwe siku hiyo. Giza lisiwakute. Tena mkwe hasaidiwi na wakwe kuondoka. Anaingia kwa nguvu zake na anatoka kwa nguvu zake. Senge yangu Rispa, yaani dada ya baba, ndiye aliyekuwa akisimamia mambo yangu yote ya kuoa, na yeye alikuwa akinisimulia habari ya binamu yake mmoja ambaye gari lake lilikataa kuwaka uwanjani kwa wakwe, wakwe wakalisukuma mpaka barabarani, na wasichana wakamtungia wimbo. Ndoa ilidumu, Senge alisema, lakini wimbo nao ulidumu. Sasa niambie, Lugari na baridi yake, mvua ya saa nane imeshanyesha, halafu mimi na dizeli isiyo na hita! Nilijiona nimekaa ndani, wazee wa Jentrix wamevua makoti wananisukuma. Nilikuwa nikiamka na jasho. "Tutaiegesha mteremkoni," Gaitano alisema. Nikamuuliza, na kama boma lao halina mteremko? Yaani mimi niliuliza hivyo, mimi niliyekuwa nimelitembelea boma hilo mara nyingi kwa miguu nikitokea barabara kuu. Mtu mwenye mapenzi haoni mlima.

Senge Rispa akaja kuamua. Alizunguka magari yote mawili, akaketi ndani ya kila moja na mkoba mapajani, akasema hii ya petroli haina makelele, na ng'ombe wa mahari hawapelekwi kama wezi wanaofukuzwa. Gaitano akainua mikono. "Ni wewe unaoa," akaniambia. Tukaijaribu mpaka Khayega na kurudi, mimi nikipungia watu mkono kama mbunge. Iliteleza barabarani bila kunung'unika. Trela lilikuwa bado kwa fundi wa kuchomea vyuma, kwa hivyo tuliijaribu tupu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba hilo ni jambo. Siku hizi vijana wakinijia kuniuliza wachukue petroli au dizeli, kwa sababu nimezeeka katika kazi hii ya kuvuta, nawaambia niambie kwanza unavuta nini, na mlima uko wapi. Wananiona nina busara. Laiti wangejua busara hiyo niliipata nikiwa nimelala kwenye tope.

Kabla sijafika kwenye tope, lazima nieleze jambo la mama mkwe, maana wajukuu zangu wanalicheka. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawashikani hata mkono. Mmoja hali mbele ya mwenzake, hawakai kiti kimoja, wakikutana njiani mmoja anapisha kichakani. Si chuki, ni heshima, na heshima yenyewe ina uzito wa kiapo. Mara zote nilizokuwa nimekwenda kwa kina Jentrix, Mama Repha nilimjua kwa sauti ya nyuma ya mlango wa jikoni, akiuliza, "Mgeni ameongezwa mchuzi?" na kwa kitambaa cha kichwa kinachopita dirishani. Jentrix alikuwa ameniambia mama yake ameshonesha gauni kwa ajili ya siku ya ng'ombe, la rangi ya maziwa, lenye mikono mirefu, na kwamba hajawahi kushonesha gauni tangu harusi yake mwenyewe. Alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani kwao, watu wasioonja pombe hata ya dawa, na alitaka siku hiyo aonekane.

Siku ilifika, na mvua ikawahi kufika kuliko sisi. Gaitano alikuwa kwenye usukani na Senge pembeni yake, mimi na baba zangu wadogo wawili nyuma ya pikapu, na nyuma yetu trela lenye ng'ombe, mitamba na fahali mmoja mwenye kiburi. Kwenye lami tulikwenda vizuri, ingawa kila palipoinuka kidogo nilisikia injini ikilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwa nimeisikia siku ya Khayega. Nikajiambia ni upepo. Tulipoacha lami na kuingia barabara ya udongo, mlima wa kina Jentrix ukasimama mbele yetu. Sikuamini ni ule ule. Juu kabisa, langoni, wanawake walikuwa wameanza vigelegele. Gaitano akatia gia ya kwanza, akakanyaga mafuta, petroli ikapiga kelele kama iliyochomwa, magurudumu yakazunguka, na tukasogea kidogo kidogo mpaka katikati. Hapo ikaishiwa. Harufu ya klachi ikaja, kisha mvuke ukapanda kutoka kwenye rejeta. Vigelegele vya juu vikapungua kimoja kimoja, kama watu wanaojiuliza. Nikaruka chini kutafuta mawe ya kukinga magurudumu. "Nilikuambia nini?" Gaitano alinipigia kelele kupitia dirishani. "Nilikuambia nini, wewe?" Na Senge, yule yule aliyeichagua, akatoa kichwa akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," kana kwamba gari ni la watu wengine.

Ndipo wanawake wakashuka. Sijui nani alianzisha, lakini walikuja wakiimba, wamefunga leso viunoni, wakicheka, wengine na majani mikononi. Nikataka ardhi inimeze. Mahari ya mtu, inasukumwa na wenye binti! Waliizunguka pikapu na trela, bega kwa bega, na mimi nikainamisha uso nikasukuma pamoja nao nisimtazame mtu. Mwanamke mmoja alikuwa kushoto kwangu amejifunika leso kichwani kwa sababu ya mvua. Alisukuma kwa nguvu kuliko wote na alikuwa akihema karibu na sikio langu. Injini ikalia, tukasogea, kisha gurudumu likateleza na trela lote likarudi nyuma. Watu wakaruka pembeni. Yule mwanamke aliteleza akaenda chini, mguu wake mmoja ukiwa kwenye njia ya gurudumu, na mimi nikamshika mkono nikamvuta kwa nguvu zangu zote mpaka tukaanguka pamoja kwenye mfereji, ubavu kwa ubavu, kwenye tope lile jekundu. Leso ikamtoka. Gauni lilikuwa la rangi ya maziwa.

Wimbo ulikatika pale pale. Alikuwa akinitazama na mimi namtazama, kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa uso wa Jentrix uliozeeka. Kisha akainuka, akaokota leso, akapanda mlima kwa njia ya miguu ya pembeni, mgongo umenyooka. Tukawashusha ng'ombe, wakapanda wenyewe wakila majani ya kando. Na pikapu ilipokuwa tupu ikapanda hadi uwanjani kwa kimya chake, safi, nzuri, kama bibi harusi. Nilitamani kuipiga teke.

Sebuleni walituketisha kwenye makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Mimi nilikuwa nimepewa suruali ya kuazima, na niliketi kwenye ukingo wa kochi. Kabla ya lolote, Mzee Nathani, kaka mkubwa wa baba mkwe, akasafisha koo. "Ng'ombe tumewaona," akasema. "Lakini ng'ombe hawahesabiwi leo. Kijana amemshika mama mkwe wake. Amelala naye mferejini mbele ya watu. Hilo lina mizimu yake na lina mbuzi wake. Wachukueni ng'ombe wenu mrudi nao, mkajitakase, mje mwaka ujao." Kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayetoa habari tu, "Wale wengine hawajachoka kungoja." Nilisikia kitu kikianguka jikoni, na nikajua ni Jentrix aliyekiangusha. Baba mkwe alikuwa akitazama sakafu. Nilitaka kusema gurudumu lingemvunja mguu, lakini mkwe hasemi siku hiyo, husemewa, na aliyepaswa kunisemea, Senge, alikuwa akihangaika na kishikio cha mkoba wake.

Mama Repha akaja mlangoni. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti akiwa ametugeuzia mgongo, kama adabu inavyotaka, akazungumza na mumewe akiwa ametazama uwanjani. "Baba Jentrix," akasema, "nasikia humo ndani mnasema kuna mtu ameanguka. Ni nani?"

Upande wake wote wa kulia, kuanzia kwapani mpaka pindo, ulikuwa tope. Mkono wa gauni ulikuwa umechanika pale nilipoushika.

"Mama, watu wameona," Mzee Nathani akasema kwa upole.

"Wameona nini? Mimi nilikuwa jikoni nachinja kuku. Sijashuka huko chini. Sijaanguka, na hakuna aliyenigusa. Sasa kama mnawarudisha wageni, warudisheni kwa neno lingine."

Mzee Nathani aliutazama ule mgongo, akamtazama ndugu yake. Mwanamume gani atamwambia mama wa boma, mbele ya wageni, kwamba ni mwongo? Baba mkwe akavuta pumzi ndefu. "Mwenyewe amesema alikuwa jikoni," akasema. "Hesabuni ng'ombe." Nilikuwa nimepata mke.

Nilidhani mambo yameisha. Wakaleta ingokho, kuku mzima kwenye sinia, na obusuma, ugali wa kwetu, uliofunikwa, na wakanipa firigisi, kipande cha mtu wa heshima. Kutoka pale nilipokuwa nilionea dirishani mlango wa jikoni, na nikawasikia wanawake wenzake wakimbembeleza. "Mama Repha, kuna gauni langu hapa, badilisha." Na mwingine, "Hata leso tu, jifunge." Akawajibu kwa sauti ya kutosha kufika sebuleni. "Nibadilishe kwa nini? Kwani nimechafuka?" Ndipo nikaelewa, firigisi ikiwa bado mdomoni. Akibadilisha, amekiri. Mchana mzima alipita dirishani na masufuria, na birika, na viti vya kuazima, na lile gauni lake la siku yake. Tope lilikuwa likikauka, likawa jeupe jeupe, likaanza kupasuka na kudondoka nyuma yake anapotembea. Wazee walikuwa wakinitania kwa jina la Petroli, wakicheka, na mimi nikicheka nao kwa sababu mkwe hucheka anapochekwa. Nimewahi kuona aibu nyingine maishani, za kujitakia na za kuletewa. Hakuna iliyowahi kunifanya nione ubaya wa meno yangu yanapotafuna.

Jua lilipoanza kuinama tuliaga. Jentrix angefuata baadaye pamoja na senge zake. Gaitano akagusa ufunguo na pikapu ikawaka mara moja, hakuna aliyesukuma, kama nilivyotaka. Adabu inamtaka mama wa binti aongoze wimbo wa kuwasindikiza wageni, na Mama Repha akatoka mbele ya wanawake, upande mmoja wa maziwa na upande mmoja wa tope, akaanza kuimba. Majirani waliochelewa, ambao hawakuwa na habari ya mlima, walikuwa wamejaa langoni. Safari hii nilikuwa nimekaa mbele, dirishani, kioo kiko chini, na injini ilikuwa tulivu hivi kwamba kila neno lilinifikia. Mwanamke mmoja alimwita kwa jina. "Mama Repha! Ni nini hii? Hata wewe leo umelewa?" Watu wakacheka. Wimbo ukapungua. Nilimwona akisimama kidogo na kujitazama, kama vile ndiyo kwanza anayaona matope, na Mzee Nathani alikuwa palepale karibu, akisikiliza atajibu nini. Akainua mikono, akacheka kwa sauti kubwa. "Ndiyo," akasema. "Binti yangu ameolewa. Nimekunywa."

Jentrix alinieleza baadaye kwamba kina mama wa kanisa walimwita Jumapili iliyofuata. Akasimama mbele yao akaomba msamaha kwa pombe ambayo ulimi wake haukuwahi kuijua, na kiti cha uongozi akapewa mwingine. Hakukirudia maisha yake yote, na siku ya mazishi bado walikuwepo wazee wawili watatu walioninong'onea kwamba alikuwa mama mzuri sana, ila tu siku moja. Mimi na yeye hatukuwahi kulizungumza. Tungezungumza vipi? Alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni akiuliza kama nimeongezwa mchuzi.

Ila siku ile, langoni, nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Alipomaliza kusema nimekunywa, aligeuza uso, akanitazama. Nilikuwa na mdomo, na dirisha lilikuwa wazi. Nikapandisha kioo.